Mwongozo kwa Mgeni Atafutaye Jamaa kwa Kasida na Utenzi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyehamishwa na kazi, au na ndoa, au na masomo, au na dhiki ya riziki, ukajikuta katika mji ambao majirani hukuamkia kwa adabu na wenye maduka wanakujua kwa sura, walakini hapana hata mmoja ambaye angeuliza habari zako kama usingeonekana siku tatu. Upweke wa namna hiyo hauondolewi na wingi wa watu, kwa kuwa watu unao tele kila upande. Wala hauondolewi na ukarimu peke yake, kwani mgeni akirimiwaye kila siku huzidi kukumbushwa ugeni wake. Rai yangu, baada ya kukaa muda mrefu kati ya watu wa pwani na kuona wageni wengi wakiingia na kutoka katika miji yao, ni kwamba mtu huwa mwenyeji siku ile anapopewa fungu la kazi ambalo jamaa wote wanalihitaji, na ambalo yeye asipokuwapo hubaki wazi. Na katika kazi zote ambazo mtu aweza kuzishiriki bila mali, bila ukoo na bila cheo, sijaona iliyo karibu zaidi na mgeni kuliko kazi ya sauti na maneno mbele ya Mungu: kuitikia maulidi, kupiga twari, kuimba katika kwaya, kutunga utenzi.

Ushahidi mkubwa wa rai hii umo katika habari za Lamu. Habib Saleh bin Alwi Jamalilleil alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya kumi na tisa, akavuka bahari angali kijana, akafanya maskani katika mji huo ambao wakati ule uligawanywa na nasaba kuliko ulivyogawanywa na mitaa. Wangwana walikaa katika nyumba zao za mawe upande wa Mkomani. Na upande wa Langoni, chini ya makuti, walikaa Wangazija, watu wa visiwani, watu wa bara, na watumwa waliokuwa wakitoka katika utumwa, ambao elimu ya dini haikuwafikia ila kwa uchache. Yeye, ingawa alikuwa sharifu ambaye nasaba yake ingalimtosha kukaa na wakubwa, alichagua kukaa na hao wa makuti; akawasomesha watoto wao, akawatibu wagonjwa wao, na akawaletea maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun katika nchi ya Hadhramaut, yasomwayo pamoja na kasida na matwari. Wapo wakubwa wa mji waliochukizwa na kupigwa matwari msikitini, wakamteta. Lakini Msikiti wa Riyadha ulijengwa huko huko Langoni mwanzoni mwa karne ya ishirini, chuo kikakua pamoja nao, na tangu alipofariki mwaka 1935 hadi leo watu husafiri kwenda Lamu kila Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, kutoka Visiwa vya Ngazija, Unguja, Mombasa na kwingineko, kwa ajili ya maulidi yale yale.

Zingatia, msomaji, maumbile ya ibada hiyo aliyowapa. Maulidi ya matwari hayasomwi na mtu mmoja. Yanamtaka msomaji mwenye sauti safi, na wapigaji waliozoeana hata mkono wa mmoja ukamjibu wa mwenziwe, na safu za waitikiaji, na mwenye kushika chetezo cha udi, na mwenye kupitisha mrashi na kuwamiminia watu marashi viganjani, na watandikaji wa majamvi, na wapishi, na wagawaji wa kahawa na halua. Kila shughuli ina mwenyewe. Mtu asiyeweza kutaja babu watatu aliweza kushika twari, na mshika twari ana mahali pake katika safu. Jioni akichelewa, wenziwe humtazamia njiani. Mimi naamini kwamba heshima waliyoipata watu wa Langoni ilikaa katika jambo hili zaidi ya kukaa katika waadhi wowote juu ya usawa wa wanadamu, ijapokuwa waadhi nao una mahali pake.

Basi anza kwa kusikiliza. Usiku wa kuamkia Ijumaa tembea mtaani pako baada ya sala ya Isha, au Jumamosi alasiri pita karibu na kanisa, kwani huo ndio wakati wa mazoezi kwa kwaya nyingi, ukatambue ni wapi watu hukutana na ni akina nani. Usikikimbilie kikundi chenye vipaza sauti vikubwa na sare za kupendeza, kwa kuwa mara nyingi kikundi cha namna hiyo kimekwisha kujaa na mgeni hukaa humo miaka akiwa mtazamaji. Tafuta kilicho na upungufu: safu fupi, waitikiaji wazee ambao pumzi zao zimepungua, watoto wanaoimba bila mtu mzima wa kuwashikia sauti. Mahali penye upungufu ndipo penye nafasi yako.

Ukisha kuchagua, mwendee kiongozi wao mchana, tena nyumbani kwake au dukani kwake, wala si usiku wa shughuli yenyewe ambapo akili yake imetawanyika. Afadhali ufuatane na jirani anayemjua. Muamkie kwa heshima ya umri wake, ukae unapoonyeshwa, ukubali kikombe cha kahawa hata kama huna kiu, na usiharakishe haja yako. Kisha sema maneno machache: "Maalim, mimi ni mgeni mtaani. Naomba ruhusa nikae nyuma, niitikie." Usimsimulie upweke wako. Wanadamu wana huruma, na huruma yao itakuweka katika daraja ya mtu anayesaidiwa, daraja ambayo kutoka kwake ni kazi ngumu. Aombaye kazi hupewa kazi, na aombaye kuliwazwa huliwazwa kisha akaagwa.

Miezi ya kwanza ni ya kunyamaza kwingi na kuangalia. Jua mahali pa kuvulia viatu. Jua kwamba karibu na msomaji hukaa wazee na wenye elimu, na usijipeleke huko hata ukiona pengo; ukiitwa, nenda. Katika maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina na Sayyid Jaafar al-Barzanji katika karne ya kumi na nane na ambayo ndiyo yanayosomwa zaidi katika nyumba za pwani, msomaji hukamilisha mlango mmoja na hadhira yote ikajibu kwa kumsalia Mtume, na mwingine akashika mlango ufuatao. Wewe jifunze kwanza jibu hilo, ulitoe kwa sauti ya wastani, usiitangulie hadhira wala usijiburure nyuma yake. Ifikapo habari ya kuzaliwa Mtume watu wote husimama kwa kiyamu, na mgeni asiyejua hubaki ameketi akiona haya. Basi mtazame mtu mzima aliye mbele yako, na afanyalo lifanye. Yote haya ni madogo, lakini jamaa humpima mgeni kwa madogo.

Wakati huo huo omba utumishi. Fika mapema utandike majamvi. Baki nyuma uyakunje. Jifunze kuwasha makaa ya chetezo yasitoe moshi mbaya kabla ya udi kutiwa. Ikiwa kikundi chako kina matwari, shika kazi ya kuyapasha moto, maana ngozi ya mbuzi hulegea kwa unyevu wa usiku, na twari lililolegea haliwezi kusema. Mtu anayejua kulikaribisha twari kwenye makaa bila kuliunguza, akaligonga kwa kidole na kujua kuwa ngozi imekaza kiasi cha haja, huyo atatafutwa kila shughuli hata kabla hajapewa ruhusa ya kupiga. Nami nakuhakikishia kwamba ruhusa itakuja, kwa kuwa wapigaji huchoka, na macho yao humwangukia aliye karibu na moto.

Kasida ziandike katika daftari yako mwenyewe, kwa mkono wako. Kama husomi Kiarabu vizuri, ziandike kwa herufi unazozijua, kisha umwombe mwalimu akusahihishe matamshi, na katika kila kasida uulize maana ya ubeti mmoja walau, usije ukawa mtu wa kuimba miaka kumi sifa asizozielewa. Soma daftari hiyo jikoni, au ukienda sokoni, au ukingoja gari. Ufunguo wa kuaminiwa ni kuhifadhi, kwani usiku mmoja taa itazimika, au msomaji atakohoa, na sauti itakayoendelea kutoka katika safu ya nyuma itawafanya watu wageuke.

Ukiwa mwanamke, njia ni ile ile ingawa mlango ni mwingine. Maulidi ya wanawake husomwa majumbani, katika arusi, katika arobaini ya mtoto, katika kutimiza nadhiri, na aghalabu huwa na mwalimu mmoja ambaye sauti yake imelea wasomaji wa mtaa mzima. Mwendee huyo na kumwita mama au bibi kwa kadiri ya umri wake. Msaidie katika madrasa yake ya watoto kabla ya kumwomba kitu chochote, kwa kuwa mtoto uliyemsahihisha herufi atalitaja jina lako kwao kabla ya wiki kwisha.

Na ikiwa wewe ni Mkristo, kwaya ya kanisa au jumuiya ndogondogo ya mtaani itakufaa kwa namna hiyo hiyo. Huko utapimwa uwekwe katika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Kubali uwekwapo, hata kama moyo wako ulipenda sauti inayobeba wimbo na wewe umepewa ile ya chini ambayo haisikiki peke yake. Sauti ya nne yenye watu wawili inamlilia wa tatu kuliko sauti ya kwanza yenye watu kumi na watano.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi huliacha, nalo ni kutunga. Kuitikia maneno ya wengine kunakuingiza katika safu. Kutunga maneno yako na kuyatoa mbele ya safu hiyo kunakufanya uwe sehemu ya kumbukumbu yake. Nawe usiogope kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani au ya dini moja. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, mbali na bahari, akiwa Mkatoliki ambaye lugha ya kwao ni Kigogo, alizisoma bahari za ushairi wa Kiswahili kwa bidii hata akaitunga Injili kwa utenzi, na Zaburi kwa utenzi, akaeneza mtindo wa ngonjera ambao ndani yake watu hujibizana kwa beti mbele ya kadamnasi, na akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambamo alikaa na kushauriana na malenga waliokuwa Waislamu wa pwani. Alikufa mwaka 1969. Imani yake hakuitupa ili apokewe. Aliileta ndani ya bahari ya utenzi iliyokuwa ikitumiwa na wacha Mungu wa pwani karne kadha kabla yake, na wenye bahari hiyo wakamtambua kuwa mwenzao. Mimi huyataja maisha yake kila nikisikia mtu akisema kwamba ili akubaliwe mahali lazima aache nusu ya nafsi yake mlangoni.

Kanuni zenyewe zinajifunzika. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na ukikipata kisome kwa utulivu. Kwa kuanzia shika hizi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hukubaliana kwa kina kimoja ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na kipande cha nne hubeba kina kisichobadilika toka mwanzo hadi tamati. Mizani hesabu kwa vidole vya mikono miwili, ukiviacha vidole gumba. Angalia herufi m na n zinaposimama peke yake: mtu ni mizani mbili, nchi ni mizani mbili, lakini katika mbele ile m imeungana na b, na neno zima lina mizani mbili tu. Chagua kina cha mwisho kilicho chepesi, mathalan -a au -ye, kwa kuwa utakihitaji mara nyingi. Waanzao huchagua kina cha fahari, na kufikia ubeti wa kumi wamekwama.

Mwanzo wa kazi usitunge juu ya nafsi yako. Mwendee mzee kuliko wote katika kikundi, mwanamume au mwanamke, ukamwulize jinsi kikundi kilivyoanza: nani alileta twari la kwanza au kitabu cha kwanza cha nyimbo, walikutana kwa nani kabla ya kuwa na jengo, nani aliyekuwa na sauti ambayo haijapata mfano, na nani wamekwisha kufariki. Andika kila kitu. Rudi mara ya pili uulize tena, maana kumbukumbu za wazee hufunguka siku ya pili. Kisha yatie hayo katika utenzi wa beti thelathini au arobaini, kwa maneno ya kawaida, bila kutafuta msamiati wa kushangaza watu.

Fuata na desturi ya dibaji na tamati, nami naomba uifuate kwa moyo, kwa sababu watungaji wa zamani waliyaweka humo mambo makubwa. Utenzi hufunguliwa kwa jina la Mungu na kwa sifa zake. Mara nyingi mtungaji humwomba mtu amletee wino na karatasi, ikadhihirika kwamba hata aandikaye faraghani ana mkono wa mwingine karibu naye. Mwishoni hujitaja jina, na mji wake, na pengine mwaka, akaomba msamaha kwa makosa yake, akawaomba wajuao wamsahihishe, na wasomao wamwombee dua. Tazama jinsi desturi hiyo inavyomwekea msomaji kazi: utenzi hautimii mpaka mtu mwingine asahihishe, na mwingine aombe. Basi nawe usiufikishe utenzi wako kwa hadhira ukiwa umekamilika kupita kiasi. Upeleke kwanza kwa yule mzee, umsomee polepole, umwache akukatize. Atasema jina fulani si hilo, au mwaka ule mvua haikunyesha, au umemsahau mpishi. Yatengeneze hayo ubeti kwa ubeti, na utakapousoma mbele ya watu wote, mzee huyo atakuwa na haki katika utenzi huo, naye atakutetea.

Sikufichi kwamba kuna hatari. Ya kwanza ni riya, maana sauti nzuri husifiwa, na sifa humfanya mtu aanze kujisikiliza mwenyewe badala ya kumsikiliza aliye pembeni. Dawa yake niijuayo ni uradi wa faragha, robo saa kabla ya alfajiri au kabla ya kulala, kwa tasbihi au kwa Zaburi, mahali ambapo hapana wa kukusifu. Asiye na ibada ya pekee yake huitaka hadhira imshibishe, na hadhira haiwezi. Hatari ya pili ni fitina za vikundi. Utaambiwa kwamba kikundi cha mtaa wa pili kimepotoka, kwamba matwari ni bidaa, au kwamba kutopiga matwari ni ukavu wa moyo. Mabishano hayo ni ya wenye elimu na yana umri mkubwa kuliko wewe. Sikiliza kwa staha, soma, uwe na rai yako, wala usikubali kuwa ulimi wa kikundi chochote katika mwaka wako wa kwanza. Ya tatu ni fedha: usishike mfuko wa kikundi hata ukiombwa, mpaka uwe na wenzako wawili wa kuhesabu pamoja nawe mbele ya watu. Na ukiona mahali ambapo kiongozi anawataka wafuasi wamtii katika mali zao, ndoa zao au afya zao kwa jina la ibada, ondoka bila kuaga, maana hapo hapana jamaa.

Muda utakaohitaji siwezi kukupimia. Wengine hupokelewa katika Mfungo Sita mmoja, wengine hungoja miaka. Dalili zake ni za kawaida sana: utakaripiwa kwa kuchelewa; utatumwa dukani bila kuombwa radhi; msiba ukitokea utaambiwa saa ya kwenda kuchimba kaburi au kupika, na hakuna atakayekueleza njia kwa kuwa watadhani unaijua. Siku utakapokuwa mgonjwa, mwenye zamu ya chetezo atakuja mlangoni kuuliza ni nani atakayeyapasha matwari moto.

Na ukihamishwa tena, kama wengi wetu tuhamishwavyo, anza kuondoka mapema. Miezi miwili kabla ya safari chagua kijana mmoja, umfundishe zamu yako mpaka aiweze bila wewe, na kazi ya moto umwachie yeye ukiwa ungali hapo unamtazama. Nakili kasida zako katika daftari ya pili uwaachie, pamoja na utenzi wa kikundi wenye jina lako, mji ulikotoka na mwaka katika beti za mwisho, ukiacha kurasa nyeupe nyuma yake kwa ajili ya wale watakaofariki na wale watakaoingia. Mwombe kiongozi akutajie mtu anayemjua katika mji uendao, akupe na salamu za kumpelekea. Salamu hizo zifikishe kabla ya Ijumaa au Jumapili ya kwanza, hata kama mizigo yako bado haijafunguliwa.